Shingo na kiuno vinanitesa, jirani ananiambia nikavutwe shingo. Naomba ushauri (Moshi)

Fundi wa Majengo:

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani, mtaa wa Majengo hapa Moshi. Shingo inanisumbua miaka sasa, na kiuno nacho kimefuata. Maumivu yanaanzia nyuma ya shingo upande wa kulia, yanateremka mpaka kwenye bapa la bega. Asubuhi nina nafuu, lakini ikifika saa nane mchana siwezi kugeuza kichwa kumtazama mteja mlangoni, nageuka mwili mzima. Nikiinuka kitini najishika meza kwanza ndipo ninyooke. Desemba na Januari, msimu wa sare za shule, ndiyo usiseme.

Nimemeza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, mpaka tumbo likaanza kuwaka, nikaacha. Hospitali nilipigwa eksirei, nikaambiwa pingili zimeanza kusagika, nikapewa dawa nyingine na mkanda wa kiuno. Hakuna aliyenigusa hata shingo.

Sasa jirani ananishawishi niende kwa mzee mmoja anayechua kwa mafuta ya kondoo, halafu anamalizia kwa kukivuta kichwa ghafla hadi shingo ialike. Anasema yeye aliamka mzima. Dada yangu wa Arusha anasema nitafute fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi. Hivi tiba ya mikono inasaidia kweli maumivu ya muda mrefu, au inapoza tu? Aliyepitia naomba anieleze alifanyiwa nini hasa, maana nauli ya kliniki naitoa kwenye chakula cha watoto.

Mama Ngaramtoni:

Pole sana mdogo wangu. Mimi ni mwalimu, shingo yangu ililiwa na madaftari ya kusahihisha. Nilitibiwa Arusha, nakueleza nilivyofanyiwa.

Siku ya kwanza yule binti wa fiziotherapia alichelewa sana kunishika. Aliuliza maswali mengi, akanigonga viwiko kwa nyundo ndogo, akanipitishia pamba mikononi huku nimefumba macho, akaniambia nisukume mkono wake kwa nguvu zangu zote. Ndipo akanilaza kifudifudi, akapita pingili moja baada ya nyingine kwa vidole gumba akiuliza "hapa je?" Alipofika pale shingo inapokutana na mgongo niliruka. Akabaki hapohapo, akawa anasukuma taratibu kwa mdundo, bila kuvuta wala kualika kitu. Nilipoinuka niliweza kutazama bega langu.

Ila nafuu ile haikufika mbali. Niliporudi nikilalamika, aliniambia wazi: "Mama, mikono yangu inakupa siku mbili tatu za unafuu. Hizo ndizo siku za kufanya mazoezi, usizimalizie kwenye kiti." Nilipoyashika mazoezi ndipo mambo yalipobadilika.

Mzee wa Kibosho:

Msiwadharau wachuaji. Kuchua kunalegeza misuli na mtu analala usingizi, hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini bibi yangu alichua nusu ya kijiji, mgongo, mguu, mkono, na sikumwona hata siku moja akikizungusha kichwa cha mtu. Mwanangu, kachuliwe ukitaka, kichwa chako asikivute mtu.

Tabibu wa Viungo:

Mzee amesema jambo kubwa. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Ndani ya pingili za shingo inapanda mishipa ya damu inayolisha ubongo. Shingo ikizungushwa ghafla, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Ni nadra, hata hivyo anayefanya kazi hiyo lazima awe amesomea na awe amekupima kwanza. Ule mlio nao si mfupa unaorudi mahali pake. Ni gesi iliyo kwenye ute wa kiungo, kama vidole vinavyolia ukivialika.

Swali lako la msingi: ndiyo, tiba ya mikono inasaidia, ila nafuu yake ni ya wastani na ya muda mfupi ikiachwa peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeyataja mazoezi, elimu kwa mgonjwa, kuchua, na kuushughulikia uti wa mgongo kwa mikono kati ya tiba zinazofaa. Kuhusu mkanda wa kiuno, mwongozo huo umeshauri usitolewe kama tiba ya kawaida, kwa hiyo usijifunge huo kutwa nzima.

Na hilo la "kusagika" lisikunyime usingizi. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa picha za CT na MRI (vipimo vinavyoonyesha ndani ya mwili) za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote. Wenye miaka 50, wanane kati ya kumi walikuwa na diski (zile sahani laini kati ya pingili) zilizochakaa, na wanadunda tu.

Kabla sijaendelea nijibu. Una ganzi mapajani kwa ndani au sehemu za siri? Mkojo au choo kinagoma, au kinatoka chenyewe? Miguu inaishiwa nguvu? Lolote kati ya hayo ni hospitali leo leo. Una homa, jasho la usiku, umekonda? TB huingia hata kwenye uti wa mgongo, na huko kwetu tusiisahau. Umewahi kuanguka, au kutibiwa saratani? Mikono je?

Fundi wa Majengo:

Asanteni sana. Hayo yote sina, namshukuru Mungu. Ila mkono wa kulia, ninaoshikia mkasi, kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi usiku. Naamka naukung'uta ndipo unarudi. Nilidhani ni uchovu tu.

Tabibu wa Viungo:

Dada, umefanya vizuri kulisema hilo. Ganzi ya usiku kwenye vidole hivyo, inayoisha ukikung'uta mkono, mara nyingi ni neva (mshipa wa fahamu) inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, na mafundi wa mkasi wanaipata. Lakini neva ikibanwa shingoni nayo inaweza kuleta ganzi ya gumba na shahada. Kuzitofautisha ni kazi ya kupimwa ana kwa ana, na ndiyo sababu nyingine ya kutoruhusu shingo ivutwe na mtu ambaye hata hajakuuliza habari za mkono.

Uko Moshi, hospitali ya KCMC ipo hapo na wana fiziotherapia. Kama una bima, anzia hospitali ya mkoa ya Mawenzi uulizie rufaa. Nauli ikiwa ngumu mwambie mtaalamu mapema, akupangie mazoezi ya nyumbani na miadi michache.

Huku unasubiri, inua cherehani kwa vipande vya mbao chini ya miguu yake mpaka uache kuinamia sindano. Cherehani yako ni ya kukanyaga? Basi kiti nacho kiinuliwe, magoti yasigonge meza. Kila ukimaliza vazi, simama, rudisha mabega nyuma, geuza shingo kushoto na kulia polepole bila kulazimisha. Usikate vitambaa sakafuni, tafuta meza ya kufika kiunoni.

Mpagazi wa Machame:

Nakazia hapo kwenye kiti. Sisi mlimani mzigo unapimwa getini, mwisho kilo 20, lakini mgongo wangu uliumia zaidi nilipoacha mlima nikakaa kwenye bajaji kutwa nzima. Kukaa nako ni mzigo.

Mama Ngaramtoni:

Na ukienda, beba ile picha ya eksirei na majina ya dawa zote ulizomeza, usisahau kutaja tumbo. Vaa blauzi inayofunguka, maana atataka kuona mgongo mzima mpaka mabega.