Kororo si kanga! Acheni kupachika majina ovyo

Wakuu, heshima kwenu, ila leo nimefika kikomo. Humu tunamoweka picha za ndege, kila mwenye madoadoa mnaandika "kanga", kazi imeisha. Ndege ana kishungi cheusi cha manyoya yaliyojisokota utosini, kasimama kivulini msituni anachakura majani makavu, halafu mtu mzima na akili zake anamwita kanga! Kanga wa kawaida ana kipembe cha mfupa kichwani na ni wa mbugani. Hata jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ni mbali mbali: yule ni Numida, huyu wa kishungi ni kororo, jenasi Guttera, iliyotengwa na mwanazuolojia Mjerumani Wagler tangu 1832.

Ukimsahihisha mtu, anakujibu "wote kitoweo tu". Haya bwana.

Ila wanaoniudhi zaidi ni wale wajuaji. Mnajua ni kororo, lakini kila kororo kwenu ni Guttera pucherani, wakati hiyo ni spishi moja tu kati ya nne. Picha imepigwa Zambia, pucherani. Imepigwa Ghana, pucherani! Najua vitabu vya zamani viliwaweka pamoja kororo wa mashariki, magharibi na kusini, lakini orodha za ndege za sasa zimewatenganisha, na shingo peke yake inatosha kuwaumbua. Pucherani, kororo wa mashariki, ana wekundu kuzunguka macho na madoa yake yanapanda hadi shingoni. Huyo ni wa kuanzia kusini mwa Somalia, kupitia Kenya, hadi Tanzania na Unguja. Verreauxi wa magharibi na edouardi wa kusini wana ukosi mweusi usio na madoa, na macho yao hayajazungukwa na wekundu ule. Hivi kutazama shingo ni kazi ngumu kiasi hicho? Na plumifera wa misitu ya Afrika ya Kati, mwenye kishungi kilichosimama wima kama brashi, kuna mtu juzi kaandika eti ni pucherani "aliyenyeshewa". Nilicheka kwa hasira.

Msiniambie ni mambo madogo. Kumbukumbu hizi za picha na majina ndizo watu wanazochorea ramani za maeneo ya ndege. Ukichanganya wanne ukawafanya mmoja, yule mwenye eneo dogo anaonekana kajaa bara zima, na msitu wake ukifyekwa hakuna atakayeshtuka.

Kuanzia sasa, ukiweka picha taja nchi na msitu, na shingo ionekane. Picha za mkia tupu kaeni nazo. Na wewe wa "aliyenyeshewa", futa ile kitu leo.