ALT 140 kwa mgonjwa wa TB: dawa zisimamishwe?

Mfamasia_Uyole: Wakuu, mgonjwa yuko wiki ya 3 ya dawa za TB, ALT (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) 140, kikomo cha juu cha maabara yetu 40. Hana dalili. Tusimamishe?

Maabara_Mafinga: Bado. Bila dalili tunasubiri mara 5 ya kikomo, yaani 200. Akianza kutapika au macho kuwa manjano, mara 3 inatosha. Rudia baada ya wiki. Sampuli ikiwa nyekundu, usiiamini AST (kimeng'enya kingine cha ini): chembe nyekundu za damu zilizopasuka huipandisha.

Kiranja_Iringa: Ulanzi (pombe ya mwanzi) je? Pombe ya kila siku huongeza kimeng'enya kinachogeuza paracetamol kuwa sumu. Glutathioni (kinga ya ini dhidi ya sumu hiyo) ikiisha, seli zinakufa. Halafu ALT huonyesha seli zinavuja tu. Kazi ya ini itazame kwenye albumini (protini inayotengenezwa na ini) na INR (kipimo cha kuganda kwa damu).

Mfamasia_Uyole: Kumbe anameza paracetamol gramu 4 kwa siku, na ulanzi juu. Paracetamol naikata leo.