Ukuta wa godauni: tuwaulize watu nini?

Brashi Kavu (Manzese)
Wakuu, habari za mchana. Mimi fundi wa maandishi, naandika vibao vya saluni na bodi za daladala. Mwenyekiti wa mtaa katuruhusu tupake ukuta wa godauni, kama mita kumi na tano, tuchore mtaa tunaoutaka. Jumamosi nimezunguka na daftari, nauliza watu wanataka mtaa wa namna gani. Karibu wote jibu moja: maji, taa, ajira. Sasa nichore nini, bomba? Bibi mmoja tu kanishtua: anataka benchi nje ya zahanati, maana foleni anaisubiri amechuchumaa. Nimekosea wapi?

Stensili
Kwanza hilo daftari. Mtu akiliona anajua kuna msaada unakuja, anakutajia makubwa. Pili, swali lako pana mno. New Orleans, miaka mitano baada ya kimbunga Katrina, majumba matupu yalikuwa bado yamejaa. Msanii Candy Chang akachapa stika zenye sentensi nusu, "natamani hapa pangekuwa…", akaziacha madukani bure. Mtu anajaza, anabandika mwenyewe. Ona hilo neno "hapa". Mwaka 2011 akapaka rangi ya ubao kwenye nyumba iliyotelekezwa, akaweka chaki. Kesho yake ukuta umejaa.

Wa Kibera
Stika sawa, lakini mvua je? Huku kwetu 2009 yule msanii Mfaransa, JR, alitandaza picha za nyuso za akina mama juu ya mabati, kama mita za mraba 2,000. Macho mengine yalibandikwa kwenye mabehewa ya treni, na pua na midomo kwenye mabati chini ya reli. Treni ikipita, kwa sekunde moja hivi uso unakamilika, halafu unavunjika tena. Watu wa kamera waliipenda hiyo. Mimi nilipenda kwamba zile za juu ya paa zilikuwa plastiki isiyopitisha maji, nyumba hazikuvuja. Ndugu yangu, anza na benchi la yule nyanya wa zahanati.

Brashi Kavu (Manzese)
Nimewaelewa. Seremala wa jirani kanipa mbao mbili za paleti, benchi nalipaka kesho. Chaki ninazo. Mwenyekiti anauliza, wakiandika matusi nani atafuta? Nimemwambia mimi. Ila hiyo rangi ya ubao, dukani niiombe kwa jina gani?

Stensili
Waambie "rangi ya ubao wa shule", nyeusi. Paka mara mbili, na usiandike chochote kabla haijakauka kabisa.