Hesabu za "gundua mwenyewe" na watoto wetu katika shule za serikali Marekani

Kutoka: Mama Mapacha (Ujiji, sasa Ohio)

Asalaam aleikum, na heshima kwenu ndugu zangu wa Kigoma, mlioko nje na mlioko nyumbani.

Naomba ushauri. Mapacha wangu wako darasa la tano, shule ya serikali. Mwalimu wa hesabu haonyeshi njia kwanza. Anatoa swali, watoto wanakaa wanne wanne, wanajadiliana, kisha kila kundi linaeleza limefikaje kwenye jibu. Mmoja anapenda sana. Mwingine daftari lake linarudi tupu. Kwenye mtihani wa jimbo wote wawili wako chini ya kiwango. Nilimwuliza mwalimu kuhusu kuzidisha kwa kichwa, akanijibu kwa upole kwamba watazoea kadiri wanavyoelewa.

Nimwachie, au niwakalishe mezani niwafundishe kama tulivyofundishwa sisi? Na mzazi asiyejua Kiingereza vizuri ana haki ya kudai nini?

Kutoka: Kaka wa Mwanga (Minnesota)

Dada, waaleikum salaam, na hongera kwa kufuatilia mapema. Mimi ni mwalimu msaidizi katika shule ya serikali, kwa hiyo jambo hili naliona kila siku.

Kwanza, mwalimu huyo si mzembe. Tangu 1989, baraza la taifa la walimu wa hisabati lilipotoa viwango vyake, walimu wengi huku wamesisitiziwa kwamba mtoto ajaribu, ajadili na aeleze mawazo yake. Na njia hiyo imewahi kuzaa matunda. Jo Boaler wa Chuo Kikuu cha Stanford alifuatilia shule tatu za sekondari California. Katika ile ya watoto wa kipato cha chini, waliofundishwa kwa makundi na maswali ya wazi, wanafunzi walianza nyuma wakawapita wenzao. Wapo wataalamu waliopinga utafiti huo. Mimi ninachokishika ni kwamba walimu wa shule ile waliandaa masomo pamoja, na walihakikisha hakuna mtoto anayejificha nyuma ya wenzake. Kundi likikosa usimamizi wa namna hiyo, mtoto mmoja anafanya kazi na watatu wanatazama. Pacha wako mwenye daftari tupu huenda ni mmoja wa hao watatu.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Kuanzia 1968 serikali ya Marekani iliendesha jaribio kubwa lililoitwa Follow Through kwa watoto maskini wa madarasa ya mwanzo, njia nyingi za kufundisha zikishindanishwa. Tathmini ya 1977 iliiweka mbele ile ambayo mwalimu anaonyesha hatua kwa hatua, anauliza darasa zima na kusahihisha papo hapo. Haikusaidia kusoma na kuhesabu tu, hata kujiamini kwa watoto kulipanda. Tathmini hiyo pia ilibishaniwa, lakini sababu aliyoieleza John Sweller, mtafiti wa saikolojia ya kujifunza, na wenzake mwaka 2006 mimi naiona darasani kila siku: akili hushika mambo machache kwa wakati mmoja. Mtoto ambaye bado anahangaika na 7 mara 8 nguvu zake zinaishia hapo, na wazo kubwa la swali linampita.

Sasa hebu fikiria watoto wawili wa darasa moja. Wa kwanza wazazi wake ni wahandisi, jioni anapelekwa tuisheni ya kulipia, anafanya mazoezi hadi yanakaa. Asubuhi anaingia kwenye mjadala akiwa na silaha zote. Wa pili ni mwanetu. Mama yuko zamu ya usiku ghalani, baba anaendesha lori, na Kiingereza cha kujadiliana bado hakijatulia mdomoni. Mwalimu anawatazama wote wawili, anadhani wa kwanza ana kipaji. Hapo ndipo pengo linapozaliwa, Dada, na ndiyo maana linaniuma. Shule imeacha sehemu ya kazi ifanyike nyumbani bila kumwambia mzazi.

Tazameni San Francisco. Mwaka 2014 shule za serikali za mji huo ziliondoa aljebra darasa la nane ili watoto wote waende pamoja na pengo lipungue. Wenye uwezo waliwalipia watoto wao kozi za nje. Mwaka 2024 bodi ya shule ikapiga kura irudishwe. Na katika mtihani wa kitaifa wa NAEP, wastani wa darasa la nane uliporomoka kutoka 282 mwaka 2019 hadi 274 mwaka 2022. Mwaka 2024 wastani haukusogea, lakini ndani yake walioko juu walipanda na walioko chini wakazidi kushuka. Wengi wa watoto wetu wageni wako huko chini.

Kuhusu haki: Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Lau ya 1974, iliamua kwamba kumweka mtoto asiyejua Kiingereza darasani bila msaada ni kumnyima elimu. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa pia kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Omba mkalimani wa Kiswahili kwa maandishi, ni bure. Usikubali mwanao ndiye akutafsirie. Na wakitaka kumweka kundi la hesabu la chini, uliza kama walimpima hesabu au walimpima Kiingereza.

Kutoka: Mwalimu (Kasulu)

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu marahaba.

Mjadala huu tunao hapa pia. Mtaala wetu unadai mbinu shirikishi, na mimi naziamini. Lakini tangu elimu bila malipo hadi kidato cha nne ilipoanza mwaka 2016 watoto wamejaa, na ukiwa na watoto zaidi ya 80 chumbani, makundi ya majadiliano yanakuwa kelele. Tunatumia visoda na vijiti kwa wadogo. Hesabu bado ndilo somo linaloangusha wengi kidato cha nne.

Mama Mapacha, usichague upande. Chukua swali hili: dumu la lita 20 za mawese unalimimina kwenye chupa za robo tatu ya lita. Zitajaa chupa ngapi, na yatabaki mawese kiasi gani?

Mtoto aliyekariri njia atageuza sehemu, azidishe, apate 80 gawanya kwa 3, yaani 26 na theluthi mbili. Kisha atakuambia imebaki theluthi mbili ya lita. Amekosea. Ni theluthi mbili ya chupa, yaani nusu lita. Chupa 26 zimechukua lita 19 na nusu. Hapo mazoezi peke yake hayakumtosha, alihitaji kuulizwa "theluthi mbili ya nini?" Lakini mtoto asiyejua kwamba 80 gawanya kwa 3 ni 26 na baki 2 hafiki hata kwenye swali hilo. Atachora chupa hadi kengele inalia.

Kwa hiyo jioni dakika kumi za kuzidisha na kugawanya kwa mdomo, kila siku, bila kumfokea. Kisha swali moja tu la namna ya mawese, na aeleze kwa Kiswahili. Narudia, kwa Kiswahili. Wazo likishakaa kichwani, maneno ya Kiingereza atayapata shuleni. Walioko na watoto waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wazingatie zaidi, maana shule za Wakongo kule hufuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuzijua sehemu vizuri sana na akaonekana hajui kitu.

Pacha anayependa makundi usimwache nje ya mazoezi. Anayependa kuongea huficha mapengo vizuri kuliko anayenyamaza.

Kutoka: Mama Mapacha

Mungu awalipe. Nimewapa swali la mawese jana usiku. Yule wa daftari tupu ndiye aliyesema "nusu lita", kwa Kiswahili, bila kuandika. Mwenzake alikwama kwenye 80 gawanya kwa 3.

Nimeandika barua ya kuomba mkalimani, mkutano ni wiki ijayo. Nitawaomba wanionyeshe daftari za makundi, nione nani anaandika nini, na nitauliza walipimwa kwa lugha gani. Kaka, nikikutumia rasimu ya maswali utanisaidia kuipitia? Mwalimu, naomba maswali mengine kama lile, hata kwa picha ya daftari. Ya dagaa na ya nauli za boti yatafaa sana, wanayajua.