Krola ya Land Cruiser 79 skeli ya 1/10: inalalia nyuma kwenye mlima, stelingi inazima gari zima. Niongeze mota?

Kijana_wa_Loleza (Mbeya)

Wakuu habari za jioni. Niko Mbeya, nina gari la rimoti nalijenga mwenyewe, aina ya krola, yale ya kupanda mawe polepole. La dukani lililokamilika bei imesimama, afu mengi yanakuja na bodi za jeep za Kimarekani, mi nataka Land Cruiser 79 pikapu kama zinazopiga Chunya na Kitulo kila siku, ndo gari nalolipenda toka mdogo.

Mpaka sasa liko hivi. Ekseli mbili za chuma saizi ya SCX10 (krola maarufu ya kampuni ya Axial) niliagiza China. Chasisi nimekata mwenyewe kwa vipande vya aluminiam walivyobakiza mafundi madirisha, linki (vile vyuma vinavyounga ekseli na chasisi) ni mirija ya antena ya TV ya zamani ndani nimepitisha stadi ya M4, imekaa ngumu kweli. Ekseli kwa ekseli nimeweka 318 mm kwa sababu 79 yenyewe ni 3,180 mm. Giaboksi ya krola ya kawaida ila mota nimeweka ya drili ya betri, ile ya saizi 550. Betri nimeunga seli za laptop 18650 volti 7.4. Sevo (kimota kinachokata stelingi) ni MG996R, rimoti FlySky. Difu zote mbili bado ziko huru, yaani tairi za kushoto na kulia zinaweza kuzunguka tofauti, bodi bado.

Sasa shida: nikipanda kwenye mwinuko mkali mbele inanyanyuka na gari inalalia nyuma mpaka inapinduka. Pili, tairi la mbele likibanwa na jiwe afu nikakata kona, gari zima linazima kama sekunde mbili halafu linajiwasha. Tatu mota inachemka haraka sana. Jamaa zangu wanasema nguvu haitoshi niweke mota kubwa zaidi, 775. Naombeni ushauri kabla sijatoboa chasisi tena.

Fundi_Pinieni (Iringa)

Kaka hongera kwanza, linki za antena nimezipenda, huo mrija ni mwepesi na ukiwa na stadi ndani haupindi kirahisi. Ila 775 usiweke. Itaongeza uzito juu, itakula betri, na kuchemka hakutaisha mana chanzo chake ni gia.

Piga hesabu nami. Tairi za 1.9 (rimu ya inchi 1.9) nyingi zina kipenyo kama 110 mm, maana yake tairi ikizunguka mara moja gari imeenda kama 345 mm. Mtu akitembea kawaida anaenda kilomita 5 kwa saa, na gari lako likienda mwendo huo tairi inazunguka kama mara 240 kwa dakika tu. Sasa mota ya drili imetengenezwa izunguke maelfu kwa maelfu na kazi ya kupunguza mwendo wanaiachia giaboksi ya drili yenyewe, ambayo we umeitoa. Ukiwa na mota ya kuzunguka 12,000 kwa dakika na gia inayopunguza mara 40 unapata tairi 300, ambayo ni kilomita 6 na kidogo kwa saa, hapo krola iko sawa. Gia ikipunguza mara 20 tu, kwenye jiwe mota inahema, inaenda chini ya mwendo wake huku inavuta ampea nyingi, na ampea zile zote zinageuka joto.

Kujua yako inapunguza mara ngapi ni rahisi. Weka alama ya maka peni kwenye pinieni (ile gia ndogo ya kwenye shafti ya mota) na kwenye tairi, nyanyua gari juu ya kopo, zungusha pinieni kwa kidole ukihesabu mpaka tairi imalize mzunguko mmoja. Kwa vile difu zako ziko huru hakikisha tairi zote mbili za ekseli hiyo zinaenda pamoja, la sivyo hesabu itakudanganya.

Mi ningetoa hiyo 550 niweke 540 ya brashi ya 35T au 55T. Namba hiyo ni mizunguko ya waya ndani ya mota, ikiwa kubwa mota inakuwa taratibu na inavuta vizuri kwenye mwendo mdogo. Matundu ya kufungia ni yale yale, 25 mm katikati, na shafti ni ile ile ya 3.17 mm, kwahiyo hutoboi kitu. Weka na pinieni ndogo zaidi utakayopata ila angalia saizi ya meno, 32P na moduli 0.8 zinaingiliana bila shida lakini meno ya 48P ni madogo, ukilazimisha utasaga gia yote kabla hujafika kwenye jiwe la kwanza. Ukifunga, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia mbili, zibane, kaza skrubu afu toa karatasi. Nafasi inayobaki ndo inayotakiwa.

DadaUmeme (Uyole)

Hilo la kuzima ni umeme na halihusiani na mota. Sevo ikikwama kwenye jiwe inavuta umeme mwingi sana, MG996R peke yake inaweza kufika ampea 2.5, na ile ya 5 au 6 volti inayotoka ndani ya ESC (kile kifaa kinachoendesha mota) nyingi ni ampea 2 au 3 basi. Volti inaporomoka, resiva (inayopokea mawimbi ya rimoti) inakosa chakula, inazima, sevo inaachia, volti inarudi, resiva inawaka tena. Ndo hizo sekunde mbili zako.

Usiniamini mimi, pima. Chukua mita weka kwenye tundu la resiva lililo wazi, plus na minus, gari liwe limewashwa. Shika tairi za mbele kwa nguvu na mkono mmoja, mwenzio akate stelingi mpaka mwisho. Uandike namba uliyoona.

Na betri pia kaka. Seli za laptop zimetengenezwa zitoe umeme kidogo kwa muda mrefu, mota ya 540 kwenye jiwe inataka ampea nyingi kwa mkupuo. Kama lazima iwe 18650 tafuta zilizotoka kwenye betri za drili au mashine nyingine za kazi, hizo zimetengenezwa kwa ajili ya mkupuo. Usichome risasi moja kwa moja kwenye mwili wa seli, joto linaharibu ndani, tumia kishikizo cha seli au mpe mtu mwenye mashine ya spoti, ile ya kuchomelea vibati vya betri. Chaja iwe ya kubalansi, yaani inayosawazisha seli zote, kila seli isizidi 4.2 na usiishushe chini ya volti 3. Na tafadhali usichaji usiku umelala, hizi seli zikiwaka ndani ya chumba ni moto wa kweli.

Kijana_wa_Loleza (Mbeya)

Dada nimepima sa hivi na mdogo wangu. Kawaida inasoma 5.9, nikishika tairi akikata stelingi inashuka mpaka 3.6 na taa ya resiva inazima mbele ya macho yangu. Yaani ndo hicho hicho ulichosema. Fundi na gia nimehesabu, inapunguza mara 24. Ndaga fijo (asanteni sana) wote wawili.

DadaUmeme (Uyole)

3.6 resiva yako haiwezi kusimama hapo. Nunua UBEC (kifaa cha kushusha volti ya betri kulisha resiva na sevo) ya nje ya ampea 5 au zaidi, weka volti 6. Waya zake mbili za kuingiza ziende moja kwa moja kwenye betri, za kutoka ziende kwenye resiva. Halafu kwenye plagi ya ESC inayoingia resiva utoe waya mwekundu wa katikati, nyanyua kile kilimi cha plastiki kwa sindano utatoka bila kukata, uufunge na tepu. Ukiuacha utakuwa na vyanzo viwili vya umeme vinapigana sehemu moja. Waya mweusi na mweupe wa plagi hiyo uache kama ulivyo.

Ukishafanya hivyo rudia kipimo kile kile. Ikibaki juu ya 5.5 umemaliza. Na ukija kubadilisha sevo ukaweka ya kilo 25, hiyo UBEC itaitosha.

MaweYaTukuyu (Rungwe)

Nimesoma wote mko sahihi ila hamjagusa kulalia nyuma na hilo ndo linaloamua gari linapanda au halipandi. Uzito wote wa juu shusha, na mwingi peleka mbele. Betri yako iko wapi? Kama iko nyuma kwenye karai la pikapu itoe leo, iweke mbele chini, pembeni ya giaboksi au juu ya ekseli ya mbele kabisa. Lengo ni mbele kubeba kama asilimia 60.

Kupima: mizani ya jikoni moja inatosha. Tairi za mbele juu ya mizani, za nyuma juu ya vitabu vya kimo sawa na mizani, soma. Geuza, soma tena. Ikiwa mbele bado ni nyepesi nenda kwa mafundi tairi uombe zile risasi za kubandika za kubalansi, zina gundi nyuma na zimekatwa vipande vya gramu 5 na 10. Zibandike ndani ya rimu za mbele. Uzito ukiwa ndani ya tairi uko chini kabisa, haubebwi na springi, unasaidia bila kuharibu kitu. Za nyuma usiweke hata moja.

Halafu angalia linki za juu za nyuma, upande wa chasisi. Ukikanyaga mafuta na nyuma ikachuchumaa, shusha zile linki tundu moja kwenye chasisi, upande wa ekseli usiguse. Ziwe zinateremka kidogo kuelekea mbele. Utaona ukibonyeza trigi ya rimoti nyuma haikai tena chini. Usishushe sana, ukizidisha nyuma inaruka-ruka kwenye mwinuko. Mi hapa nacheza kwenye mawe ya volkano, yana kona kali na yanashika tairi, ukikosea hapo gari linarudi chali, na nilipopanga uzito hivi yale yale mawe yamekuwa ya kawaida.

Difu funga zote mbili. Ukiwa na difu huru tairi moja ikining'inia nguvu yote inaenda huko inazunguka bure.

Kihesa_RC (Iringa)

Mkuu hapo kwenye difu ya mbele sikubaliani. Ukifunga mbele gari linakata kona kama lori la magogo la Mafinga, kwenye njia nyembamba kati ya miti unarudi nyuma mara tatu. Krola ya TRX-4 ya Traxxas toka 2017 inakuja na loki za difu unafunga na kufungua kwa rimoti, wangekuwa wanaona kufunga moja kwa moja kunatosha wasingejisumbua.

MaweYaTukuyu (Rungwe)

Ni kweli inakata kona vibaya, sibishi. Ila yeye anapanda mawe, na loki za rimoti ni sevo nyingine na nyaya zake kwa mtu ambaye bado anatafuta umeme wa sevo moja. Afunge nyuma kwanza, aende mlimani, ajionee mwenyewe tairi ya mbele inavyozunguka hewani, afu aamue. Kufunga: fungua difu, safisha grisi yote kwa petroli mpaka gia ziwe kavu, jaza gundi ya chuma ya kuchanganya mbili, ziache mpaka kesho yake. Gundi ya bunduki isitumike, mota ikivuta kwenye jiwe inaachia.

Kijana_wa_Loleza (Mbeya)

Wazee mmenisaidia sana. Betri kweli ilikuwa nyuma kwenye karai, nimeihamisha mbele kwa kuifunga na kamba tu na tayari linapanda ule ukuta wa jiwe lililokuwa linanirudisha. Mota 540 ya 55T naagiza, nyuma nafunga difu wikendi hii. Swali la mwisho la bodi: nilikuwa nataka kukunja bati na kuchoma risasi, kuna fundi mzuri wa bati huku. Sawa?

Fundi_Pinieni (Iringa)

Bati hapana, baada ya kazi yote ya kushusha uzito utarudisha uzito juu ya paa. Chukua bomba la PVC la inchi 4, lile jeupe jembamba la maji machafu. Lipasue kwa urefu kwa msumeno, lipashe moto juu ya jiko la mkaa kwa mbali ukiligeuza-geuza, likianza kulegea kama chapati liweke kati ya mbao mbili kisha ukalie mpaka lipoe. Unapata shiti bapa lenye upana kama 345 mm. Fanyia nje, na ukiona linabadilika rangi au linatoa moshi umelizidishia, ule moshi ni sumu kwa mapafu.

Kata na kisu cha mazulia, chora mstari mara kadhaa afu uvunje kama kioo. Kwa 1/10 bodi ya 79 iwe na upana kama 177 mm, tairi zako zitatokeza pembeni kwa sababu ekseli za SCX10 ni pana kuliko gari halisi, kwahiyo weka mafenda mapana ya mpira wa tyubu ya baiskeli, yanapinda yakigonga jiwe na hayavunjiki. Kona za ndani unganisha na gundi ya mabomba pamoja na vipande vidogo vya pembe. Paa tumia plastiki nyembamba ya kopo la rangi, madirisha plastiki ya chupa ya maji, mkonga (bomba la kuvutia hewa pembeni ya kioo) unatosha mrija wa peni. Mashimo ya vipini vya kushikia bodi kwenye chasisi toboa mwisho kabisa, ukishajua shokapu zinafika wapi zikibonyea zote, mana usipopima hivyo tairi ya mbele itakula fenda kila ukikata kona.