Naombeni ushauri: kijana wa klabu yangu amenikabidhi kisu na kuniapisha nisiseme

Mlezi_Mpakani
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Busia, upande wa Uganda. Nafanya kazi na mradi mdogo wa kuzuia vurugu za vijana. Mchana tunaingia shule za sekondari za kutwa, jioni tunakaa na vijana wa mtaani, wale wanaovusha mizigo kwa baiskeli kwenye njia za panya na wale wanaoshinda kwenye maegesho ya malori.

Vijana wa upande wa soko na wa upande wa malori hawapikiki chungu kimoja tangu mechi yao ivunjike kwa mawe. Sasa mvulana mmoja wa S3 (kidato cha tatu), mwanachama wa klabu yetu ya shuleni, amenijia usiku na kunipa kisu. Anasema Ijumaa, siku ya kufunga shule, wenzake wa upande wa malori wamepanga kumvizia mtoto mmoja wa upande wa pili getini. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuingia na kisu. Ameniapisha nisimwambie mtu yeyote, nami nikakubali, kwa sababu bila kukubali asingekitoa.

Swali langu ni hili tu: nikimwambia mwalimu mkuu, si nitakuwa nimeiua klabu? Vijana wakisikia nimetoboa siri, hakuna atakayenifungulia mdomo tena. Sili, silali. Nisaidieni.

Afande_Mstaafu
Kijana wangu, peleka kituoni leo. Usingoje kesho. Nilipokuwa kazini Tororo tuliwahi kuambiwa habari ya namna hii Jumamosi, tukasema Jumatatu tutaita wazazi. Jumapili jioni tulikuwa tunambeba mtoto wa watu kwenye karandinga kwenda hospitali, ameshikilia tumbo lake kwa mikono yote miwili, anamwita mama yake. Alipona, lakini mimi ile sauti ninayo mpaka leo. Siku hizo hatukuwa hata na simu za mkononi kama ninyi.

Mama_Swabra
Mimi nasema chanzo ni nyumbani. Zamani mtoto alikuwa wa mtaa mzima, ukikosea kwa jirani unachapwa pale pale, na ukifika kwenu unaongezewa. Leo mwalimu akimgusa mtoto, mzazi anakuja na mwanasheria. Turudishe fimbo shuleni, hivyo visu vitaisha vyenyewe. Sisi tulichapwa na tukawa watu.

Mwalimu_wa_Zamu
Mama Swabra, shikamoo. Kwa heshima zote nakataa. Fimbo shuleni imekatazwa na Sheria ya Watoto kama ilivyorekebishwa 2016, na hata kabla ya hapo wizara ilikuwa imeshatoa waraka wa kuikataza. Mimi mwenyewe nilikuwa mchapaji. Darasa langu lilikuwa kimya, ndiyo, ila wakitoka nje wanapigana kama nilivyowapiga, mkubwa anampiga mdogo, mdogo anatafuta wa chini yake. Kuna utafiti ulifanywa Luwero katika shule 42 za msingi, ukatoka 2015. Shule zilizotumia mpango wa Good School Toolkit wa shirika la Raising Voices la Kampala, wanafunzi waliosema wamepigwa na walimu wiki iliyotangulia walipungua sana kuliko shule nyingine, na nidhamu haikuvunjika. Walimu, wanafunzi na wazazi walikaa pamoja wakaandika kanuni zao na adhabu zisizo za kipigo. Kazi ngumu, lakini inawezekana.

Boda_wa_Mbale
Mwalimu, ungenifundisha wewe labda ningefika S4 😂 Wangu alikuwa na mti wa mpera nyuma ya ofisi, hatukuwahi kuona mapera yake yakiiva kwa jinsi matawi yalivyokuwa yanakwisha.

Turudi kwenye uzi. Mimi nilikuwa upande wa wale wanaovizia getini, kwa hiyo nisikilizeni. Anayepewa kisu huwa si yule mwenye hasira kuliko wote. Ni yule ambaye bado hajaaminiwa. Wanampa ili wamwone. Huyo mtoto kukitoa amejiweka pabaya: Ijumaa akifika mikono mitupu, wenzake watamgeukia yeye.

Dada_Ustawi
Nafanya kazi ya ustawi wa jamii katika wilaya mojawapo, sitaitaja. Kaka Mlezi, kuna jambo sijalielewa. Wanafunzi wa shule ya kutwa hawatembei usiku wa manane kumtafuta mtu wa mradi. Amejuaje pa kukupata? Jina lake silitaki. Nataka kujua anaishi na nani, na mzazi wake anajua nini.

Mlezi_Mpakani
Dada, hilo silioni kama lina uzito. Swali langu ni kuhusu siri na klabu.

Dada_Ustawi
Lina uzito kuliko yote uliyoandika. Anaishi na nani?

Mlezi_Mpakani
Anaishi kwangu. Ni mtoto wa dada yangu. Mama yake yuko Oman, anafanya kazi za ndani, ndiye anayelipa karo. Aliniachia mtoto mkononi akaniambia "nakuachia roho yangu".

Sasa mnielewe. Polisi wakiingia, huyu atapelekwa rimandi (mahabusu) ya watoto Mbale, na mimi nitamwambia nini dada yangu kwenye simu? Nimeshaongea na binamu yetu wa Bungoma, Kenya. Alhamisi alfajiri mtoto anavuka, anakaa huko likizo nzima, mambo yakitulia anarudi. Kumtoa kwenye vurugu ni kuzuia vurugu pia, au nimekosea wapi? Ndiyo kazi yetu.

Mama_Swabra
Hapo umenigusa, mwanangu. Mtoto wa dada ni wako. Mimi nimelea watatu wa namna hiyo. Mpeleke Bungoma, Mungu atasaidia mengine.

Boda_wa_Mbale
Mjomba alikula mahari ya dada, lazima amlinde mtoto, hilo halina mjadala. Lakini Bungoma si dawa. Kisu kingine kitapatikana saa ile ile, atapewa mwingine.

Dada_Ustawi
Ndilo ninalotaka ulione, kaka. Ukimvusha Alhamisi, Ijumaa getini atasimama mtoto wa mtu mwingine, na atakayeviziwa hajui kitu. Wewe unajua jina lake. Yeye pia ana mama.

Mpenda_Haki256
Samahani jamani, mimi hii naiona chai. Mwanzo kijana ni wa klabu, baadaye ni mpwa, nusu saa baadaye kuna binamu Bungoma. Na mtu wa mradi wa kweli asingeuliza swali hili. Miradi ya watoto inakusainisha fomu ya kulinda watoto kabla hujakanyaga shuleni, na humo imeandikwa umwambie nani mtoto akiwa hatarini. Huyu anatafuta kisa cha kuombea ufadhili, au anaandika mchezo wa redio. Msipoteze usiku wenu.

Afande_Mstaafu
Na mimi nimeanza kujiuliza. Kisu chenyewe kikoje? Mtu aliyekishika hawezi kukisahau.

Mlezi_Mpakani
Si kisu cha dukani. Ni kipande cha msumeno wa chuma, wa kukatia nondo, kimesagwa upande mmoja kwenye jiwe la kunolea. Meno ya msumeno bado yapo kwenye mgongo. Mpini ni kijiti kimefungwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mweusi, umekazwa mpaka unanata mkononi. Urefu kama shubiri. Kimeviringishwa kwenye soksi ya shule na kipo juu ya kabati langu, na kila nikipita pale mkono unatetemeka.

Fomu nilisaini. Inasema nimwambie msimamizi wangu. Msimamizi yuko Jinja, na nilijua nikimwambia atauliza mtoto anaishi wapi.

Boda_wa_Mbale
Huyu hasemi uongo. Ule mgongo wenye meno wanauacha makusudi. Mtu ambaye hajawahi kukiona hawezi kuandika hilo.

Mpenda_Haki256
Sawa, kama ni kweli Mungu awasaidie. Bado nasema aandike vitu vyote mwanzo, watu wasishauri gizani.

Niko_Kisenyi
Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ni msuluhishi wa vijana hapa Kampala. Njia tunayofuata ilianzia Chicago mwaka 2000, kwa daktari Gary Slutkin. Kabla ya hapo alikuwa Shirika la Afya Duniani akipambana na UKIMWI, na Uganda yetu ilikuwa kati ya nchi alizozifanyia kazi. Akaona risasi zinaambukizana mtu kwa mtu kama maradhi, basi akawatuma mitaani watu wanaoaminiwa na vijana wenyewe, wazime kisasi kabla hakijatoka. Nasisitiza: wanaoaminiwa. Kaka Mlezi, upande wa soko wakijua mpwa wako ni wa upande wa malori, wewe si msuluhishi tena, wewe ni mjomba wa adui. Hiyo kazi ya kukutanisha pande mbili mwachie mwingine wiki hii. Tafuta mtu ambaye wote wanamsikiliza. Mara nyingi ni kocha, au kijana mkubwa aliyewahi kupigana akaacha. Huyo aende kwa wale wenye hasira usiku, mmoja mmoja, si kwenye mkutano, maana mbele ya wenzake hakuna anayerudi nyuma.

Mlezi_Mpakani
Kocha yupo. Amewafundisha wa pande zote mbili. Lakini siri je? Nilimwapia mtoto.

Dada_Ustawi
Hakuna siri ya aina hiyo katika kazi yetu, na mtoto anatakiwa aambiwe siku ya kwanza ya klabu: mtakayosema hapa yanabaki hapa, isipokuwa mtu anataka kuumiza au kuumizwa. Kwako halikusemwa, basi liseme leo usiku. Rudi kwa mpwa wako, kaa naye, mwambie utamwambia nani na kwa nini, kabla hujamwambia. Asikie kwako. Watoto wanasamehe kuambiwa usoni, hawasamehi kuzungukwa.

Halafu kuhusu Mbale unajitisha bure. Mpwa wako hajamkata mtu, ametoa silaha kwa hiari yake. Sheria ya Watoto inawapa polisi nafasi ya kumwonya mtoto na kumwachia bila kufika mahakamani. Hata ugomvi wa kawaida wa watoto, mahakama ya LC (baraza la mtaa) ya kijiji inaweza kuusikiliza na kuamua wapatane, waombane radhi, walipe fidia, au mtoto awekwe chini ya uangalizi wa mtu kwa muda usiozidi miezi 6. Anza na afisa wa probesheni wa wilaya, na katibu wa watoto wa LC1 mtaani kwenu. Ukikwama usiku, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwalimu na mfanyakazi wa jamii aripoti mtoto akiwa hatarini, na hapa kuna watoto wawili.

Na dada yako mpigie. Asije akasikia kwa jirani.

Mlezi_Mpakani
Nimekaa na mtoto. Alilia, akanitukana, akatoka nje. Baadaye akarudi akauliza, "Anko, na wao wataambiwa ni mimi?" Nikamwambia nitaomba jina lake lisitajwe, ila siwezi kumwahidi. Kocha nimempigia, anaanza usiku huu huu na wale wakubwa wa maegesho ya malori. Afisa wa probesheni anataka tufike kesho saa tatu, mimi na mtoto. Yule wa upande wa pili na mlezi wake atawaita mwenyewe. Mwalimu mkuu ataambiwa na afisa, na wanazungumzia kuwatoa wanafunzi Ijumaa kwa madarasa, walimu wakiwa getini. Binamu wa Bungoma nimemwambia asubiri kwanza. Mama yake sijampata, Oman usiku umeshaingia sana.

Lililobaki: kisu nikibebe kesho, au nikiache nyumbani?

Afande_Mstaafu
Usikibebe, na mtoto asikiguse tena. Ukikutwa nacho njiani utaanza kujieleza upya. Kiache ndani ya hiyo soksi, funga chumba, mwambie afisa amwombe mtu wa kitengo cha watoto na familia cha polisi aje akichukue nyumbani kwako. Mwenyekiti wa LC1 awepo wakati kinachukuliwa, na uandikiwe karatasi.

Mlezi_Mpakani
Sawa, mzee. Mwenyekiti ni jirani, naenda kumgongea sasa.