MJADALA: Katuni na riwaya za kijasusi za zamani zisambazwe bila ruhusa, au zingoje wenye haki?

Pwani Njano (mwanzisha mada)
Wakuu, hoja ni hii. Majarida ya katuni ya Dar ya miaka ya 1980 na 1990, Sani likiwa kinara, pamoja na riwaya za kina Elvis Musiba na Hammie Rajab, yanazidi kupotea. Kilichobaki kiko kwenye makasha ya watu na kwa wauza vitabu vya mitumba. Wapo wanaoyaskani na kuyagawa kwa simu bure. Wapo wanaosema huo ni wizi, hata kama jarida lenyewe lilishakufa.

Msimamo wangu: yaskaniwe yote, yagawiwe, mwenye haki akijitokeza tuzungumze naye. Ile ni karatasi ya gazeti, mti uliosagwa pamoja na lignini yake, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mti. Mwanga na hewa vinaigeuza njano, halafu asidi inakatakata nyuzi mpaka kona inavunjika ukiikunja mara moja. Pini za katikati zinashika kutu kwa hewa ya pwani, kutu inakula mkunjo, na kurasa za kati ndizo zinazochomoka kwanza. Haki ina sheria ya kuilinda. Karatasi inalindwa na nani?

Wakili Pembeni
Mkuu, hiyo ya "akijitokeza tuzungumze" inaanzia mwisho. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Philip Ndunguru, aliyewachora Ndumilakuwili na Lodi Lofa, wahusika wa Sani, alifariki 1986, kwa hiyo kazi zake zinalindwa hadi 2036. Musiba alifariki 2010, hesabu yake inakwenda hadi 2060. Zanzibar ina sheria yake ya 2003, Kenya ina ya 2001, na kipindi cha Kenya ni hicho hicho cha miaka 50. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba jarida likifa na haki zinazikwa nalo.

Gombania Goli
Sawa, lakini haki ya nani? Mchoraji, mwenye jarida, au aliyetunga maneno ya kwenye viputo?

Wakili Pembeni
Swali zuri, na ndipo wengi wanapoangukia. Mchoraji akiwa mwajiriwa, haki za kiuchumi, yaani za kuchapa na kuuza, kwa kawaida zinakwenda kwa mwajiri, mkataba usiposema vingine. Akiwa analipwa kwa ukurasa, haki inabaki kwake, na kuihamisha kunahitaji maandishi. Kupokea hela na kusaini vocha ya malipo si lazima iwe ni kuuza hakimiliki. Mtunzi na mchoraji wakiwa wameunda kazi moja pamoja, miaka 50 inaanza kwa kifo cha aliyefuatia kufa. Picha ya jalada ina mpigapicha wake. Toleo moja la kurasa 32 linaweza kuwa na wenye haki kumi, na barua moja kwa mhariri wa zamani haiwamalizi.

Mama Maktaba
Mnachanganya mambo mawili. Kuskani ili kuhifadhi ni jambo moja, kugawa ni jingine. Sheria inaruhusu maktaba na hifadhi za nyaraka kunakili kazi iliyoharibika au inayoelekea kupotea, pale ambapo nakala nyingine haipatikani kwa njia ya kawaida. Na mchapishaji wa Tanzania anatakiwa kisheria kuwasilisha nakala Maktaba Kuu ya Taifa, kwa hiyo pa kuanzia pangekuwa pale, kabla ya kukimbilia makasha ya watu. Shida ni kwamba majarida ya katuni hayakuhesabiwa kuwa "vitabu", na wengi hawakujisumbua kuyapeleka.

Sasa kuskani kwenyewe. PDF nyingi zinazozunguka hazifai hata kwa wezi. Anayetaka kufanya kazi ya maana afanye hivi:

Toa pini kwa ndani. Nyanyua miguu yake miwili kwa kisu butu chembamba, isimamishe wima, kisha isukume itoke upande wa mgongo. Ukiivuta kwa koleo inatoka na kipande cha karatasi. Mikono iwe mikavu na safi. Glavu za pamba zinakunyima hisia, na kona unazivunja bila kujua.

Tumia skana ya kioo bapa. Ile ya kumeza karatasi yenyewe itakutafunia jarida. Nyuma ya kila ukurasa weka karatasi nyeusi, maana gazeti ni jepesi na wino wa upande wa pili unajitokeza. Hiyo karatasi nyeusi peke yake inaokoa kazi kuliko programu yoyote.

Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi) kwa rangi, hata kurasa za nyeusi na nyeupe. Vivuli vingi vimechapwa kwa vinukta. Ukiskani kwa dpi 150 au 200, vinukta vinagongana na gridi ya skana na uso wa mhusika unajaa mawimbi. Skani juu kwanza, kisha punguza. Ukurasa wa A4 wa namna hiyo bila kubanwa ni kama MB 100, kwa hiyo toleo la kurasa 32 ni zaidi ya GB 3. Hiyo ni nakala mama, ihifadhiwe kama TIFF, faili la picha lisilopoteza ubora, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili. Ya kusomea itoe kama JPEG ya pikseli 1,600 kwa urefu.

Majina ya faili yaanze 001, 002, 003. Ukiandika 1, 2, 10, programu nyingi zinaweka 10 kabla ya 2, na hadithi ya kipelelezi inaanza na muuaji ameshakamatwa.

Na jamani, acheni kusafisha mpaka ukurasa uwe mweupe kama sabuni. Ile kazi ya kubofya "nyeusi na nyeupe" inafuta mistari myembamba ya kivuli, na mistari hiyo ndiyo mkono wa mchoraji.

Mchora Vibonzo
Asante, Mama. Hapo ndipo uchungu wetu ulipo. Mnasema mnaokoa, halafu sahihi ya mchoraji iliyoko kona ya chini inakatwa kwa sababu skana ilipanda kidogo, na badala yake linawekwa jina la kundi na namba ya simu. Mchoraji ana haki ya kutajwa hata kama aliuza haki za kiuchumi. Na "bure" hiyo ni ya wiki ya kwanza. Ya pili kuna mtu anauza mkusanyiko mzima kwenye flashi.

Kuna jingine. Kazi za zamani huchapwa upya pale mchapishaji anapoona soko. Riwaya ya Dar es Salaam Usiku ya Ben Mtobwa ilitoka upya Nairobi kupitia East African Educational Publishers. Mchapishaji akikuta kitabu kizima kiko kwenye kila simu, atawaambia nini warithi?

Pwani Njano
Riwaya nakubali, zina soko. Jarida la katuni la 1987 lenye matangazo ya viatu na barua za wasomaji, nani atalichapa upya? Tangu lini mrithi akatafutwa na mchapishaji kwa ajili ya hilo?

Msomaji wa Nyeri
Huku Kenya hali ni tofauti kidogo. Juha Kalulu, mhusika wa katuni za Edward Gitau, alikuwa Taifa Leo, gazeti lenye mwenyewe anayejulikana na hifadhi ya matoleo yake ya zamani. Ukitaka ruhusa unajua mlango wa kubisha. Hata jarida la Joe la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, la 1973, waanzilishi wanajulikana na miaka ya vifo vyao inajulikana, 2021 na 2015. Kinachokosekana ni tarehe kwenye kila ukurasa. Mtu anachomoa katuni moja ya kejeli na kuirusha peke yake. Chakubanga, katuni ya Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru la Tanzania, anawadhihaki wakubwa na urasimu wa enzi ya Ujamaa. Bila tarehe ya gazeti, kijana wa leo anaona mzee amevaa ovyo, basi. Anayeskani kejeli aandike jina la gazeti, tarehe, namba ya toleo na ukurasa ndani ya faili lenyewe. WhatsApp hubadilisha jina la picha na kuibana. Tuma kama dokumenti.

Na msitegemee mashine isome maneno. Tesseract, programu ya kugeuza picha ya maandishi kuwa maandishi, ina data ya Kiswahili na inasoma chapa za vitabu vizuri, lakini herufi za mkono kwenye viputo zinaishinda. Chapeni kwa mkono kwenye jedwali: ukurasa, fremu, msemaji, maneno.

Kipepeo Mweusi
Hakuna aliyetaja kurasa za marafiki wa kalamu. Zimejaa picha, umri, hobi na S.L.P. za watu ambao leo ni wazazi na mabosi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwenye nakala mama ziacheni, kwenye nakala ya kugawa zizibwe. Halafu mwenye kufungua tovuti aziangalie kwanza Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, zilizofuta zile za 2018. Leseni na faini zake si za kufanyia mzaha, na majarida haya hayakuwa ya watoto kila ukurasa.

Mama Maktaba
Mimi ningeanza na orodha. Picha ndogo ya jalada, yaliyomo, majina ya wachoraji kama yalivyoandikwa, hali ya nakala, na ilipo. Toleo zima lisomwe ndani ya maktaba, kwenye kompyuta isiyotoa nakala.

Pwani Njano
Ndani ya maktaba, Dar. Mtu wa Kigoma apande treni kwenda kusoma Lodi Lofa?

Wakili Pembeni
Au atafutwe mwenye haki kweli kweli. Soma maandishi madogo ya ukurasa wa pili: mchapishaji, mpiga chapa, S.L.P. Uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Uliza chama cha wachoraji, wenyewe wanajuana. Toa tangazo gazetini mara mbili. Weka kumbukumbu ya kila hatua na tarehe yake. Usipompata, sheria haikupi ruhusa, lakini utakuwa na la kuonyesha siku mrithi akija.

Gombania Goli
Tangazo la gazeti mara mbili, kwa jarida lililokuwa likiuzwa kwa sarafu. Analipa nani?

Mchora Vibonzo
Yule anayeuza flashi.